Njia ya Farasi Kando ya Danube: Uchambuzi wa Kisa cha Barabara Isiyo na Magari

Kati ya Passau, mji wa mpakani wa Ujerumani ambako mito ya Inn na Ilz inaungana na Danube, na Vienna, mji mkuu wa Austria, kuna takriban kilomita 320 za njia ya baiskeli ambayo sehemu yake kubwa ina lami, haina vilima vya kutajika, na haipitiwi na magari isipokuwa yale machache yenye kibali. Kuanzia majira ya kuchipua hadi Oktoba hupita hapo wazee wenye mifuko ya safari, wazazi wenye watoto wadogo, na vijana wa baiskeli za mbio, na wengi wao husafiri siku nzima wakisikia maji na ndege kuliko injini. Ajabu ya kisa hiki ni kwamba bonde lenyewe halijawahi kuwa kichochoro kilichosahaulika. Lina reli, viwanda vya chuma, vituo vikubwa vya umeme, barabara kuu na meli za mizigo, na kwa karne nyingi lilikuwa mojawapo ya njia kuu za biashara za Ulaya ya Kati. Imekuwaje basi ukanda mwembamba wa utulivu ukabaki palepale ukingoni mwa maji? Na je, utulivu huo ni wa aina moja tangu mwanzo hadi mwisho?

Jibu nitakalolitetea hapa ni kwamba njia hii, kwa sehemu kubwa, haikujengwa kwa ajili ya baiskeli. Ni mabaki ya kazi nyingine, na kila kipande chake kimerithi tabia ya kazi iliyokizaa. Asiyelijua hilo hudhani kwamba ukingo wowote ni sawa na mwingine, kisha hujikuta sambamba na malori huku ng'ambo, umbali wa mita mia chache, kuna njia tupu inayopita chini ya miti.

Kazi ya kwanza ilikuwa ya farasi. Kabla ya mvuke, mashua zilizoshuka Danube zilibebwa na mkondo, na baadhi yake hazikurudi kabisa kwa kuwa zilivunjwa mwisho wa safari na mbao zake kuuzwa. Mzigo uliopaswa kupanda mto, hasa mvinyo na nafaka za kuelekea Bavaria, ulivutwa kwa kamba na farasi waliotembea ukingoni, na misafara mikubwa ilihitaji farasi 40 au zaidi, pamoja na wapandaji wao, chakula chao na mashua za akiba. Njia yao, ambayo Waaustria huiita Treppelweg, ilikuwa na masharti magumu. Ilipaswa kukaribiana na maji kiasi kwamba kamba isinase kwenye miti, iende bila kukatika, na isiwe na mwinuko wa kuwachosha wanyama waliokwisha kuchoka. Mahali ambapo jabali liliteremka hadi majini, farasi walivushwa kwa vyombo hadi ukingo wa pili na kuendelea na safari huko. Mwendesha baiskeli wa leo akitazama masharti hayo atayaona kuwa ni yake mwenyewe, hata lile la kuvuka mto pale jabali linapokataa kupitika.

Mvuke uliwaondoa farasi. Shirika la meli za mvuke la Danube lilianzishwa mwaka 1829, na mwaka uliofuata meli yake ya kwanza ilisafiri kutoka Vienna hadi Budapest. Kufikia mwisho wa karne ya 19 uvutaji wa mashua kwa farasi ulikuwa umekwisha. Wakati huohuo mizigo na abiria wa masafa marefu walikuwa wameanza kuhama kabisa kutoka bondeni. Reli ya Magharibi ilifika Linz kutoka Vienna mwaka 1858, na karne iliyofuata ikaja barabara ya mwendokasi inayounganisha Vienna, Linz na Salzburg. Zote mbili hupita kusini ya mto, na kwa masafa marefu huwa mbali na maji. Hili ni jambo ambalo wasimulizi wa uzuri wa bonde hili hulipita haraka mno. Barabara ya mtoni ingekuwaje leo kama malori yote yanayokwenda Salzburg na Munich yangelazimika kuifuata? Vijiji vya ukingoni vimebaki na nyumba zao za karne ya 16 na utulivu wao kwa sababu, miongoni mwa nyingine, wahandisi waliona bonde limepindapinda mno kwa haraka waliyokuwa nayo.

Kupinda huko kunaonekana wazi kuliko kwingineko pale Schlögen, takriban kilomita 42 baada ya Passau. Mto unagonga mwamba mgumu wa graniti, unageuka karibu nyuzi 180, na kurudi ulikotoka kabla ya kukubali tena kwenda mashariki. Barabara ya magari ya ukingo wa kusini, iliyofuatana na mto tangu Passau, inafika Schlögen, inatazama pindo hilo, na kuamua kupanda mlima kuelekea Eferding. Kuanzia hapo hadi karibu na Aschach korongo linabaki na njia ya farasi peke yake, misitu inayoteremka hadi majini, na vijiji vidogo kama Inzell. Ukingo wa kaskazini una hadithi tofauti kidogo. Kati ya Jochenstein na Niederranna njia ni tupu na nzuri mno, lakini ukifika kijiji cha Au, ndani ya pindo lenyewe, inakatika kwa sababu mwamba hauachi nafasi. Boti za kuvusha watu na baiskeli humpeleka msafiri ama ng'ambo Schlögen, ama kando ya ukingo uleule hadi pale njia inapoanza upya. Kwa maoni yangu kilomita hizi ndizo bora za safari nzima kwa mtu anayetafuta ukimya, na ubora wake unatokana moja kwa moja na uamuzi wa barabara kukata kona.

Ushauri unaotokana na hapo ni kuanza Passau kwa ukingo wa kaskazini, kuvumilia kilomita takriban 22 zinazopita sambamba na barabara ya Ujerumani hadi Jochenstein, kufaidi njia tupu hadi Au, kisha kuvuka kwa boti na kushika kusini hadi Aschach. Wengi hushika kusini tangu mwanzo kwa kuwa alama zipo na njia imetengwa na barabara. Hawapotei, ila husikia magari masaa mawili zaidi kuliko ilivyohitajika.

Jochenstein inatuleta kwenye kazi ya pili iliyoizaa njia hii, nayo ni umeme. Kituo cha Jochenstein, kilichojengwa kwa ushirikiano wa pande mbili za mpaka, kilikamilika mwaka 1956. Kilifuatiwa na Ybbs-Persenbeug mwaka 1959, Aschach mwaka 1964, na vingine baada ya hapo hadi Freudenau, ndani ya Vienna, mwaka 1998. Vyote pamoja ni vituo 10, na Danube ya Austria imegeuzwa kuwa ngazi ya mabwawa marefu membamba. Bwawa la namna hii huhitaji matuta pembeni ili maji yaliyoinuliwa yasimwagike mashambani, na juu ya tuta au kando yake huhitajika njia ya magari ya matengenezo. Hivyo njia ya farasi, ambayo ingeweza kumezwa na maji au kuliwa na vichaka, ilijengwa upya ikiwa pana, tambarare na imara, na katika sehemu nyingi ikawekewa lami kwa gharama ambayo hakuna halmashauri ya kijiji ingeithubutu kwa ajili ya watalii. Kuta za vituo vyenyewe ziligeuka madaraja: kwenye vingi vyake, vikiwemo Jochenstein, Ybbs-Persenbeug na Melk, mwendesha baiskeli huvuka juu ya mashine za umeme na kuchungulia meli zikishushwa taratibu katika malango yake.

Baiskeli zilikuja baadaye, kwa wingi kuanzia miaka ya 1980, na kuikuta njia ipo. Usimamizi wake umebaki mikononi mwa watu wa mto na wa umeme. Leo shirika la serikali la njia za maji, viadonau, lililoundwa mwaka 2005, ndilo lenye sehemu kubwa ya njia hizo. Utulivu wa njia una msingi wa kisheria katika ukweli huo. Magari ya watu binafsi yamekatazwa kwa sababu hapo ni mahali pa kazi ya mto, na baiskeli zimekaribishwa kama mgeni anayeruhusiwa kupita uani. Pakitokea mafuriko, kama yale ya Agosti 2002, Juni 2013 na Septemba 2024, njia hufungwa bila mjadala na hufunguliwa tope likishaondolewa. Anayepanga safari baada ya mvua kubwa na asitazame taarifa za kiwango cha maji anajitafutia kurudi alikotoka.

Kipande cha Strudengau, kati ya Grein na Ybbs, kinaonyesha jinsi bwawa lilivyobadili hata sura ya hatari. Zamani hapa palikuwa mahali palipoogopwa kuliko pote na mabaharia wa mto, penye miamba na maji ya kuzunguka yaliyomeza mashua. Miamba ilianza kulipuliwa zamani, kazi hiyo ikaendelea katika karne ya 19, na bwawa la Ybbs-Persenbeug likafunika yaliyosalia. Grein ilitajirika kwa woga huo, kwa kuwa mashua zilisimama hapo kutafuta warubani wa kuzipitisha, na mji mdogo kama huo ukaweza kuwa na ukumbi wake wa tamthilia tangu mwaka 1791, ambao bado upo. Leo hatari imehamia nchi kavu. Ukingo wa kaskazini umebanwa kati ya jabali na maji, na barabara kuu inapita humo humo. Ukingo wa kusini una njia iliyotulia chini ya msitu. Mwenye busara huvuka Grein kwa boti, au hufika hapo akiwa tayari yuko kusini.

Kabla ya Grein kuna Mauthausen, na sioni namna ya kuandika juu ya vijiji vya kihistoria vya bonde hili nikiruka hapo. Kutoka mtoni, mji ni safu ya nyumba za rangi za kupendeza. Juu yake, kwa kupanda mlima mkali wa kilomita chache, ipo kambi ambayo utawala wa Nazi uliifungua mwaka 1938 kando ya machimbo ya graniti na ambayo ilikombolewa Mei 1945. Watu wapatao 190,000 walifungwa humo na katika kambi zake ndogo, na angalau 90,000 walikufa. Mwamba uleule uliolazimisha mto kupinda na kuifanya njia ya Schlögen kuwa ya ajabu ndio uliowaleta wauaji hapa, kwa kuwa walitaka mawe. Wasafiri wengi hupita chini bila kupanda. Nusu siku inatosha kwa anayetaka kuiona, na ni vyema aipange tangu mwanzo kuliko kuiamua akiwa amechoka.

Sasa tufike Wachau, ambako kisa hiki kinageuka. Kati ya Melk na Krems, takriban kilomita 36, ndipo penye picha zote zinazouza njia hii. Kuna abasia ya Melk, iliyo mikononi mwa watawa tangu mwaka 1089, watawa wa kanuni ileile ya Mtakatifu Benedikto inayofuatwa Peramiho na Ndanda, na ambayo jengo lake la sasa lilianza kujengwa mwaka 1702 chini ya Jakob Prandtauer. Kuna Willendorf, ambako mwaka 1908 ilichimbuliwa sanamu ndogo ya mwanamke, ya sentimita 11 hivi, yenye umri wa miaka ipatayo 30,000. Kuna matuta ya mizabibu yaliyoshikiliwa na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, mashamba ya aprikoti, na Dürnstein, ambako Mfalme Richard wa Uingereza, akirudi kutoka vita vya msalaba, alifungiwa ngomeni kuanzia mwishoni mwa mwaka 1192 na Mtawala Leopold V wa Austria. Ngome hiyo iliharibiwa na Waswidi mwaka 1645 na magofu yake bado yako juu ya mji. Mwaka 2000 UNESCO iliiweka Wachau katika orodha ya urithi wa dunia.

Lakini Wachau, licha ya sifa zote hizo, si kipande kitulivu kuliko vyote, na sababu ni ileile iliyoifanya ipendeze. Hapa hakuna bwawa. Mpango wa kujenga kituo cha umeme ulikuwepo, wakazi walianza kuupinga katika miaka ya 1970, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukawekwa kando. Mto ukabaki unatiririka, fukwe zake za kokoto zikabaki, vijiji vikabaki vimegusana na maji. Pamoja na hayo, hapakujengwa matuta marefu yenye njia ya matengenezo juu yake. Mwendesha baiskeli wa Wachau hugawana nafasi na wenyeji. Kwenye ukingo wa kaskazini, kutoka Emmersdorf hadi Spitz, njia yake ipo kando ya barabara kuu karibu muda wote. Kati ya Spitz na Weißenkirchen huingia vijijini na mashambani kupitia St. Michael, Wösendorf na Joching, ambako trekta la mkulima lina haki ya kwanza, hasa msimu wa mavuno. Dürnstein ingekuwa jehanamu ya magari kama barabara kuu isingepitishwa katika handaki chini ya mji. Juu yake mtaa wa zamani umeachwa kwa miguu, ingawa Julai na Agosti miguu hiyo huwa mingi kiasi kwamba baiskeli hukokotwa.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo matangazo ya utalii huyachanganya. Kukosekana kwa magari ni jambo moja na kukosekana kwa watu ni jingine. Aliyezoea kubanwa na daladala na bodaboda kwenye Barabara ya Bagamoyo ataona kaskazini ya Wachau ni pepo hata mwezi Agosti. Anayetaka ukimya kamili aende wakati wa maua ya aprikoti, ambayo huchanua kati ya mwisho wa Machi na Aprili, au asubuhi mapema katika Septemba, na kwa vyovyote ashike ukingo wa kusini. Huko kuna barabara pia, lakini yenye magari machache, na njia inapita katika bustani za matunda za Arnsdorf na Rossatz, huku Dürnstein na mnara wake wa buluu ikionekana vizuri kutoka ng'ambo kuliko inavyoonekana na mtu aliye ndani yake.

Tatizo la kushika kusini ni kwamba vijiji vinavyotafutwa viko kaskazini, na kati ya daraja la Melk na lile la Mautern hakuna daraja lolote. Utatuzi wake ni chombo ambacho nakiona ndicho chenye hekima kuliko vyote katika bonde hili. Pale Spitz na pale Weißenkirchen kuna pantoni isiyo na injini ya kuisukuma. Kebo nene imetandikwa juu ya mto kutoka ukingo hadi ukingo. Pantoni imefungwa kwa kamba kwenye roda inayoteleza juu ya kebo hiyo. Nahodha anaukabili mkondo kwa mshazari, na maji yanayosukuma ubavu yanaipeleka ng'ambo kwa dakika chache. Akigeuza mshazari, mkondo uleule unairudisha. Mfumo huu unahitaji maji yanayokwenda kasi, na bwawa lililokataliwa lingeyatuliza. Ndiyo maana nasema ukingo wa kusini wa Wachau ni mtulivu na bado umeunganishwa na ule wa kaskazini kwa sababu ya upinzani wa wakazi dhidi ya saruji, ijapokuwa hawakuwa wakifikiria baiskeli. Mto ukijaa au ukipungua mno pantoni husimama, na jioni hufunga mapema. Ratiba itazamwe kabla ya kushuka gatini.

Baada ya Krems mabwawa yanarudi, na pamoja nayo matuta. Njia ni pana, nyofu, haina gari hata moja, na, nikisema kweli, inachosha macho. Maji yametulia kama ziwa, vijiji vimejificha nyuma ya misitu, na kitu pekee kinachobadilika ni nguzo za kilomita za mto, ambazo huhesabiwa kutoka Bahari Nyeusi na hivyo hupungua kwa anayekwenda mashariki. Hapa ndipo mwelekeo wa safari unapodhihirika. Watu husema waliondoka Passau ili wateremke na mto, lakini mteremko wote hadi Vienna ni kama mita 130 tu kwa kilomita 320, na miguu haiwezi kuuhisi. Faida halisi ni upepo, ambao mara nyingi hutoka magharibi, na juu ya tuta lisilo na kinga upepo wa usoni unaweza kuharibu siku nzima.

Ukingo wa kusini wa kipande hiki una jambo moja linalostahili kusimamisha baiskeli. Kabla ya Tulln njia inapita karibu na kituo cha nguvu za nyuklia cha Zwentendorf, ambacho kilijengwa hadi kikakamilika na hakikuwashwa hata siku moja. Novemba 1978 Waaustria walipiga kura ya maoni, na asilimia 50.5 wakakataa. Jengo bado limesimama, kubwa na la kijivu, na mpita njia hulizunguka katika ukimya ambao, mambo yangekwenda upande wa pili kwa kura chache, ungezungushiwa uzio na walinzi.

Mwingilio wa Vienna ni mfano wa mwisho wa urithi wa kazi za watu wengine, na kwa waendesha baiskeli huenda ndio wa thamani kuliko yote, kwa kuwa kuingia mji mkubwa ndiko kunakoharibu safari nyingi za namna hii. Kati ya mwaka 1972 na 1988 mji ulichimba mfereji mpya wa kupunguzia mafuriko sambamba na Danube, na kifusi chake kikarundikwa katikati kikawa kisiwa cha urefu wa kilomita 21, Donauinsel, ambacho kimeachwa kwa matembezi, kuogelea na baiskeli. Anayevuka kwenda kaskazini juu ya kituo cha Greifenstein na kupita Korneuburg huweza kukiingia kwenye ncha yake ya juu, akakifuata hadi daraja la Reichsbrücke, ambako nguzo ya mto inakaribia kilomita 1929, na hapo akapanda treni ya chini ya ardhi pamoja na baiskeli yake, mradi si saa za msongamano.